Chuma, Sufuria na Mpando wa Kanyinya

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya mgodi, kule kwenye vilima vya Kyerwa, sikupewa nyundo. Fundi Mkuu alinisimamisha mbele ya madigadi ya lori lililogonga mti, akaniambia nifumbe macho.

"Pitisha mkono. Niambie bonde liko wapi."

Nilipitisha vidole. Sikusikia kitu.

"Siyo vidole. Vidole vinajisifu. Weka kiganja chote, polepole, kama unampapasa ng'ombe usiyemjua."

Nikaweka kiganja. Safari hii bati lilizama kidogo chini ya mkono wangu, likainuka tena, na nikajua kuwa pale ndipo mti ulipogusa. Nilipofumbua macho, rangi iling'aa sawasawa na bonde halikuonekana. Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kugeuka na kuondoka. Ndivyo nilivyoajiriwa. Vita vikubwa vya pili vilikuwa vimeisha si zamani, na mimi nilikuwa kijana wa Kiruruma mwenye mabega mapana, niliyejua kulima migomba na kuimba tenzi za Kilutheri, basi.

Ninyi mnaosoma haya mmezoea kuona gari likiumia bati, bati linatolewa, jipya linafungwa. Wakati wetu bati jipya lilikuwa mbali sana, ng'ambo ya ziwa na ng'ambo ya bahari. Gari likiumia lilitibiwa. Kazi yetu iliitwa ufundi bodi, na zana zake zilikuwa chache: nyundo za uso mpana na za uso mwembamba, mkasi wa bati, tupa, mfuko wa ngozi uliojaa mchanga wa kukandia bati ili lipate tumbo, na kipande cha chuma kizito tulichokiita doli. Doli hushikwa nyuma ya bati kupokea pigo la nyundo. Fundi mzuri hapigi kwa nguvu. Anapiga mara nyingi, na mkono wa nyuma unasikiliza mkono wa mbele.

Mgodi wenyewe ulikuwa wa madini ya bati, yale yanayochanganywa na risasi ili kupata dawa ya kulehemia. Wachimbaji waliyaosha kwenye mifereji mirefu ya mbao, na malori yakayabeba hadi Bukoba. Juu ya wote alikuwa Bwana Meneja, Mzungu mwembamba aliyepiga kelele mara chache. Katika karakana mkubwa alikuwa Fundi Mkuu, Kalasinga aliyekuja nchi hii kijana na kuzeeka ndani yake, kilemba chake kimegeuka kijivu kwa vumbi la tupa. Alituita wote "kijana", hata waliomzidi umri.

Na palikuwa na gari la wagonjwa.

Lilikuwa gari la kizamani hata kwa wakati ule, limeundwa miaka ya ishirini, na boneti yake ndefu na taa mbili kubwa kama macho ya bundi. Mtu fulani aliliuza, mwingine akalinunua, mwisho likaangukia mgodini, likakatwa nyuma na kuundiwa chumba cha kulaza mgonjwa. Mifupa ya bodi yake ilikuwa ya mbao, na juu ya mbao palipigiliwa mabati ya chuma, mazito kama milango ya jela. Lilichukua wagonjwa kutoka mgodini na vijiji vya jirani, likawapeleka hospitali ya misheni upande wa Bugene. Dereva wake alikuwa Felisiani.

Felisiani alitoka Muleba, Mkatoliki wa ukoo wa wafanyabiashara, mtu wa maneno mengi na shati safi. Alikuja Karagwe kuendesha gari, akamwona dada yangu Kristina, akamwoa. Baba yangu alinung'unika juu ya tofauti ya madhehebu mpaka Kristina alipomwambia, "Baba, Mungu wao anajua barabara yetu, maana kila Jumapili Felisiani anafika kanisani mapema kuliko wewe." Baba akacheka, akakubali. Tangu hapo Felisiani aliniita mulamu, yaani shemeji kwa lugha ya nyumbani, nami nikamwita hivyo hivyo.

Sasa nieleze juu ya Kanyinya. Katikati ya njia ya kwenda hospitali palikuwa na mpando tulioupa jina hilo. Udongo wake mwekundu ulikuwa mzuri kiangazi, na mvua ikinyesha uligeuka sabuni. Pande zote mbili palikuwa na migomba na kahawa za watu. Na watu wale walikuwa na desturi ambayo mimi niliikuta na wazee wangu waliikuta: mgonjwa akipita mbele ya shamba lako, huendelei kulima. Unaacha jembe, unashika mti wa machela, unambeba mpaka mpakani mwa jirani. Jirani anapokea. Mgonjwa alisafiri hivyo, kutoka bega hadi bega, bila kuwekwa chini. Lilipokuja gari, desturi haikufa. Ilihamia kwenye gari. Likinguruma pale chini ya Kanyinya, watu walitoka migombani na kuliwekea mikono.

Kristina alishikwa na uchungu wa uzazi mchana wa mvua. Uchungu ulikwenda vibaya. Mumewe mwenyewe alimlaza katika gari, mama yangu akakaa kando yake, mimi nikasimama kwenye ngazi ya nje. Gari lilipofika nusu ya Kanyinya, magurudumu yalianza kuzunguka bure. Watu walitoka, wanaume kwa wanawake, wakasukuma. Walisukuma mpaka miguu yao ikazama hadi kwenye vifundo. Gari lilipanda hatua moja, likarudi mbili. Lilikuwa zito mno. Mabati yale ya chuma, mbao zilizokunywa maji, vyote viliwaegemea vifuani.

"Mtoeni," Felisiani alisema mwishowe. "Tumbebe."

Tulimtoa Kristina, tukampandisha kwa machela chini ya mvua. Alifariki kabla hatujafika kileleni, na mtoto akiwa bado tumboni mwake. Mama alimfunika uso kwa khanga yake, na waliombeba hawakumshusha. Walimgeuza, wakaanza kumrudisha nyumbani kwa utaratibu ule ule, bega hadi bega.

Matanga yalipokwisha, Felisiani alilileta gari karakana. Shati lake halikuwa safi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, kijana. Pole sana."

"Nimeleta gari."

"Lina nini?"

"Ni zito."

Fundi Mkuu alilitazama gari, akanitazama mimi. "Gari zote ni nzito."

"Hili linazidi. Naomba mnipunguzie. Sitaki litembee haraka, sitaki liwe zuri. Nataka lipande Kanyinya wakati wa mvua. Hilo tu. Asife mwingine pale."

Ndipo ulipoanza mjadala wa chuma na alumini, ambao vijana wenye magari ya zamani bado wananiuliza habari zake. Mifupa ya mbao ilikuwa imeoza, kwa hiyo bodi nzima ilipaswa kuundwa upya. Fremu tungeiunda kwa vyuma vya pembe. Lakini ngozi ya gari, yaani mabati ya nje, iwe ya nini?

Chuma tulikijua. Ukikichomelea kinashika, ukikipiga kinasikia, ukikosea unarudia. Adui yake ni kutu, na kutu unaiona ikija. Alumini tuliijua kwa sufuria tu, na kwa sababu hiyo karakana nzima iliiita bati la sufuria. Haili kutu nyekundu. Ni nyepesi. Lakini haipendi nyundo ya chuma, inataka nyundo ya mti, na sisi tulizichonga zetu kwa mpera. Ukiipiga sana inakuwa ngumu na kupasuka, hivyo kila mara lazima uilegeze kwa moto. Na moto wake una hila: chuma kikipata joto kinakuwa chekundu, kinakuonya. Alumini inabaki na rangi yake ile ile mpaka inapodondoka ghafla kama uji. Fundi Mkuu alitufundisha kuipaka sabuni ya kufulia na kupitisha moto juu yake. Sabuni ikigeuka ya kahawia iliyoiva, ondoa moto. Umefika.

Alitufundisha, lakini hakuipenda.

"Chuma kinasamehe," aliniambia tukiwa tumesimama kando ya gari. "Umekikunja leo, kesho unakinyoosha, kinasahau. Sufuria haisahau. Kila pigo inaliweka moyoni, halafu siku moja inapasuka mahali usipotazama. Na gari likianguka? Chuma kitamlinda mgonjwa. Hii itakunjika kama jani la mgomba."

"Fundi, dada yangu hakuanguka. Alikwama."

Alichukua tupa, akailaza mezani, akaichukua tena.

"Twende tukapime," alisema.

Tuliupeleka mlango wa zamani wa chuma, pamoja na mlango wa alumini tuliouunda kwa majaribio, kwenye kituo cha kununulia kahawa, maana ndiko kulikokuwa na mizani kubwa ya kuning'iniza. Felisiani alikuja nasi. Karani wa mizani, mzee mmoja wa Bukoba, alitutazama tukifunga kamba kwenye mlango.

"Hii ni kahawa gani, waitu, ndugu zangu? Mbona haina maganda?"

"Imekobolewa," Felisiani alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu msiba.

Mlango wa chuma ulivuta mshale chini kwa kishindo. Wa alumini uliusogeza kama mtu anayegeuka usingizini. Haukufika hata nusu ya ule wa kwanza. Fundi Mkuu aliweka mkono chini ya mlango ule mwepesi, akauinua kidogo kwenye kamba yake na kuuachia, mara mbili au tatu.

"Haya," alisema. "Sufuria."

Bwana Meneja alikubali bila ubishi. Mabati ya chuma yalikuwa haba baada ya vita, na ya alumini yalikuwa yamelala stoo bila mwenyewe. "Tumieni kilichopo," alisema.

Tulilijenga kiangazi kizima. Sijapata tena kufanya kazi kwa upendo kama ule. Kuta, milango, paa, na bati kubwa la nyuma lenye mviringo mpole, ambalo nililikanda mwenyewe juu ya mfuko wa mchanga. Kila jioni nililipapasa na kulirudia. Felisiani alikuja akitoka safarini na lori aliloazimwa, akakaa juu ya tairi kuukuu na kututazama.

"Mulamu, hilo tumbo la gari unalibembeleza kuliko mke."

"Mke wangu hana mabonde."

"Subiri nimwambie ulivyosema."

Palikuwa na jambo moja Fundi Mkuu alilolisisitiza. Alisema chuma na alumini ni kama wake wenza: waweke nyumba moja lakini wasigusane. Maji yakiingia katikati yao, alumini huliwa. Kwa hiyo kila mahali bati lilipokutana na fremu, pawe na kitu cha kutenganisha. Kwao, alisema, walitumia kitambaa kizito kilicholowekwa lami. Sisi hatukuwa nacho. Lakini Karagwe ni nchi ya ng'ombe, na ngozi hazikukosekana. Tulikwenda kwa mchuuzi mmoja wa ngozi karibu na Bweranyange, tukachagua ngozi kavu, ngumu, safi.

"Hii haiozi hata ukiizika," mchuuzi alituambia.

Tulizikata vipande vyembamba, tukazilaza kati ya chuma na alumini, tukapiga ribiti juu yake. Zilikaa vizuri mno. Hata kelele za bati zilinyamaza. Fundi Mkuu alipita na kugonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Masika yalipoingia, Felisiani aliondoka na mgonjwa wake wa kwanza, mchimbaji aliyevunjika nyonga. Siku nzima sikushika kazi yenye maana. Jioni gari lilirudi limejaa tope hadi madirishani. Felisiani alishuka, akasimama mlangoni mwa karakana.

"Limepanda," alisema.

Tangu siku hiyo hilo ndilo lilikuwa neno lake. Kila akitoka safari ya mvua alipita, akasema "Limepanda", akaenda zake. Gari lenyewe lilipata jina la Sufuria, na wachimbaji walimtania.

"Felisiani, leo umepika nini?"

"Mtoto wa kike. Mama yake hajambo."

Hakuoa tena, ingawa shangazi zake walikuja kutoka Muleba kumsema. Shati lake lilirudi kuwa safi. Nadhani aliishi kwa neno lile moja.

Mwaka ulipita, na mwingine ukafuata. Siku moja alilileta gari akisema mlango wa ubavuni unalegea. Fundi Mkuu aliinama, akaushika mlango, akauinua kidogo. Bawaba ilichomoka na kipande cha bati kikaja nayo, laini kama biskuti iliyolowa. Ndani ya tundu kulikuwa na vumbi jeupe, mfano wa unga wa muhogo. Fundi Mkuu aliuchovya kwa kidole. Akautia ulimini.

Alikaa chini, palepale sakafuni, na mguu mmoja umenyooka mbele yake.

"Chumvi," alisema.

Tulifungua mahali pengine, na pengine. Kila palipokuwa na ukanda wa ngozi palikuwa na unga ule. Ngozi zile zilikuwa zimekaushwa kwa chumvi, kama wachuuzi wafanyavyo ili zisioze njiani. Ndiyo maana zilikuwa ngumu na safi. Kila mvua ilipoinyesha Sufuria, ngozi ilikunywa maji, ikayeyusha chumvi yake taratibu, ikaila alumini kutoka ndani, huku rangi ya nje ikibaki nzuri. Tulichokiweka ili kilinde ndicho kilichokula. Hakuna aliyetudanganya. Mchuuzi alisema kweli, kwamba haiozi.

"Mimi nilitaka ngozi," Fundi Mkuu aliniambia. "Felisiani nitamwambia mwenyewe." Na alimwambia. Felisiani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: kama linaweza kutengenezwa. Fundi Mkuu akasema fremu ni nzima, mabati mengi ni ya kutupa.

Nilipewa kazi ya kulibomoa. Bati la nyuma, lile la mviringo, lilikuwa limeshikwa kwa bolti na mpira mchache tuliokuwa nao, badala ya ngozi, kwa hiyo lilikuwa zima. Nililitoa, nikaliegemeza ukutani, nikafanya kama nilivyofundishwa siku ya kwanza. Nilifumba macho, nikaweka kiganja.

Kiganja changu kiliingia ndani ya kiganja kingine.

Nilishituka, nikadhani nimekosea. Nikasogeza mkono. Bonde jingine, pana chini, jembamba juu. Na jingine. Kando yake mawili yamepandana. Usawa wa kifua cha mtu mzima bati lote lilikuwa hivyo, na chini kidogo palikuwa na madogo zaidi, ya wanawake, na kwenye kona moja bonde kubwa la bega. Kwa macho hukuona kitu ila rangi. Alumini haisahau, Fundi Mkuu alisema. Ilikuwa imeyahifadhi yote.

Nilimwita Felisiani. Nikaushika mkono wake, nikauweka.

Aliupitisha kutoka bonde hadi bonde.

"Ulisema linapanda," nilimwambia.

"Lilikuwa linapanda, mulamu. Kiangazi lilipanda lenyewe, nao wakaligusa tu. Wangeachaje mgonjwa apite bila kumshika? Mimi nilikanyaga mafuta na wao wakatembea nyuma, mikono juu ya bati, mpaka mpakani mwa mwenzao. Mvua ikija, hapo walilibeba kweli. Na waliliweza. Ndiyo tofauti. Lile la chuma hawakuliweza. Hili waliliweza."

Mimi fundi nilikuwa nimepima uzito wa mabati kwa ajili ya injini. Kumbe uzito ule ulikuwa wa watu. Injini haikupata kuushinda Kanyinya wa masika. Watu walishinda, kwa kuwa tuliwapa gari wanaloweza kulisukuma.

Fundi Mkuu alipolipapasa bati lile, alivaa koti lake akaenda ofisini kwa Bwana Meneja. Mimi nilimfuata kubeba kipande cha mlango ulioliwa, ili Bwana Meneja aone kwamba kosa ni la ngozi na si la alumini.

"Bwana, naomba bati la sufuria tena," Fundi Mkuu alisema. "Safari hii tutaweka mpira. Mpira hauna chumvi."

Bwana Meneja alikigusa kile kipande, na unga mweupe ukamwagika mezani kwake. Akaupuliza.

"Chuma sasa kinapatikana," alisema. "Alumini imekwisha stoo, na sitaagiza nyingine ili iliwe tena. Fundi, nakumbuka wewe mwenyewe ulikuja hapa ukasema chuma kinasamehe."

"Nilisema, Bwana."

"Ulikosea?"

"Sikukosea. Lakini Kanyinya hausamehe."

Bwana Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajapata kusukuma gari kwenye tope. Alifikiri kidogo, akasema mlango ukianguka njiani na mgonjwa akaanguka nao, yeye ndiye atakayejibu. Chuma kifungwe. Na kweli, kwa mtu aliyekaa mezani na unga ule mbele yake, jibu lilikuwa la busara.

Tulifunga chuma. Tulichagua bati jembamba kuliko yote, tukatoboa matundu ya kupunguza uzito ndani ya milango pasipoonekana, tukaondoa kila kitu kisicho cha lazima, hata kiti cha msaidizi. Halikuwa zito kama lile la kwanza. Lilikuwa zito kuliko Sufuria. Felisiani alilizunguka mara moja, akabonyeza bati la nyuma kwa mkono. Halikubonyea.

Mvua za kwanza tu, alimchukua mke wa mchimbaji mmoja, uchungu umeanza. Sikuwapo. Nilielezwa na watu wa Kanyinya. Walitoka migombani kama siku zote, wakaweka mikono, wakasukuma, na gari likapanda mpaka mahali ambapo mpando unakuwa mkali. Pale likakaa. Walilishikilia lisirudi nyuma, mabega juu ya chuma, hakuna aliyeweza kuondoka ili akatafute machela, maana akiondoka mmoja gari lingewashinda waliobaki. Felisiani alikuwa kwenye usukani, mguu juu ya breki isiyoshika tope. Mwishowe walifika wanawake wa mashamba ya juu, wakamtoa yule mama kwa mlango wa ubavuni, na gari likaachiwa lirudi mtaroni. Alibebwa. Alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakufika.

Felisiani alirudi mgodini kwa miguu. Hakupita karakana kusema neno lolote. Alikwenda ofisini, akaweka ufunguo mezani, akaenda nyumbani kwake, akafunga kitanda chake kwa kamba. Asubuhi nilimsindikiza mpaka njia panda.

"Niwaambie nini, mulamu?" nilimuuliza.

"Waambie mimi ni dereva. Gari likirudi nyuma dereva hushuka."

Gari lilivutwa kutoka mtaroni. Bodi yake ya chuma ilikuwa imebonyea upande mmoja, nami niliinyoosha katika siku chache ikawa kama haijaanguka. Kweli chuma kinasahau. Dereva mwingine akapewa, na siku za mvua akakatazwa kwenda.

Kisha ikaja amri ya mwisho kuhusu Sufuria. Mfereji mmoja wa kuoshea madini ulikuwa unavuja chini, na msimamizi wa mfereji aliona bati la nyuma limeegemea ukutani kwetu, zima, halina kutu. Linyooshwe liwe bapa, likatwe, lipelekwe mferejini. Fundi Mkuu alikuwa mgonjwa wiki ile. Kazi ilikuwa yangu.

Ninawaeleza vijana jinsi inavyofanywa. Unalipaka bati sabuni, unapitisha moto mpaka rangi iive, unaliacha lipoe lenyewe bila maji. Unalilaza juu ya meza ya chuma. Unachukua nyundo ya mti yenye uso mpana, unaanzia kando unakwenda katikati, mapigo mepesi yanayofuatana, na mkono wa kushoto unatangulia kutafuta bonde. Ukilipata unalipiga kutoka nyuma mpaka linapanda usawa wa wenzake. Halafu linalofuata. Ilinichukua kutwa. Yale madogo ya chini yalitoka haraka, yale ya wanaume yalikuwa na ukaidi, na lile la bega nililirudia mara kadhaa. Magharibi nilipitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe, na mkono wangu ulikwenda bila kukutana na mtu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Fundi Mkuu alipoondoka kurudi kwa wanawe, mimi nilihamia karakana ya malori ya kahawa karibu na Bugene, chini ya mkuu wa usafirishaji aliyependa rangi kuliko bati. Kisha idara ya barabara, ambako nilikuwa mimi mwenyewe Fundi Mkuu, nikafundisha wengine kufumba macho. Nilistaafu nikarudi Kiruruma, kwenye migomba ya baba. Mgongo umepinda na sikio la kushoto halisikii vizuri, kama mafundi bodi wote. Siku hizi vijana wenye hamu ya magari ya zamani huja na kuniuliza ni kipi bora kwa bodi, chuma au alumini. Ninawaambia ukweli wa ufundi: chuma kwa nguvu na kwa kusamehe, alumini kwa wepesi, na katikati yao mpira au lami, kamwe ngozi ya chumvi. Wanashukuru. Sehemu iliyobaki siwaambii mara nyingi, kwa sababu hawatauliza nani atalisukuma.

Felisiani nilimwona mara moja tu baadaye. Alikuwa na shamba dogo la kahawa nje ya Muleba, peke yake, mvi zimemjaa. Nilipofika alikuwa akianika kahawa kwenye mkeka. Tulisalimiana, tukaketi kando ya mkeka, akaendelea kuzigeuza punje kwa mkono. Tuliongea habari za mvua na za waliokufa. Kristina hatukumtaja. Nilipokuwa karibu kuaga, aliuliza bila kuinua kichwa.

"Lile bati la nyuma, mulamu. Bado lipo?"

Ningeweza kusema sijui.

"Nililinyoosha," nilimwambia. "Waliniagiza. Likaenda mferejini."

Mkono wake ulisimama juu ya kahawa.

"Ulilinyoosha vizuri?"

"Vizuri."

"Hakikubaki kitu?"

"Hakikubaki."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kazi ya mwenzake. Kisha akasogea kidogo pale alipokaa ili nipate nafasi, nami nikashusha mkono mkekani, tukaendelea kugeuza kahawa pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, mpaka jua likaondoka.